777: Namba Iliyowaliza Mabloga

Wadau, leo bifu za mastaa tunaziweka pembeni kidogo. Nina stori ya jamaa mmoja wa Marekani, jina kapuni, ila miaka ile ukitaja mabloga wakubwa wa teknolojia humruki. Septemba 2009 wadukuzi waliingia kwenye blogu yake, na posti za karibu miezi miwili zikafutika. Bekapu ya posti hizo? Hana. Mwenyewe alikiri hadharani.

Siku hizohizo kulikuwa na kirusi kinazunguka mtandaoni, kinagonga WordPress ya huyu na ya yule. Kilikuwa kinajisajili kama msomaji wa kawaida, kinapitia tundu la zamani mpaka kinajipa cheo cha admini, halafu kinajificha ili usikione kwenye orodha ya watumiaji. Cha kuuma ni kwamba toleo jipya la WordPress lilikuwa limeshaziba tundu hilo. Walioumia ni waliobaki na matoleo ya zamani.

Sasa wewe unajiuliza, dawa ipo, ya bure, kwa nini watu hawakuinywa? Hapo ndipo stori ilipo. Inabidi turudi nyuma mpaka kabla wazazi wa wengi wenu hawajakutana.

NAMBA ILIPOZALIWA

Mwaka 1971, maabara ya Bell Labs, New Jersey. Kompyuta zilikuwa ghali ile mbaya, kwa hiyo moja ilitumiwa na watu wengi. Washkaji wawili waliokuwa wanatengeneza mfumo wa Unix walikuwa na tatizo la kawaida kabisa la nyumba ya kupanga: tunaishi wengi, nani aguse kitu cha nani?

Wakaamua kila faili liwe na mwenyewe, na mwenyewe aseme nani anaruhusiwa kufanya nini. Amri ya kubadilisha ruhusa hizo, chmod, imo kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha maelekezo ya Unix, Novemba 1971. Mwanzoni kulikuwa na makundi mawili tu, mwenye faili na watu wengine. Baadaye likaongezwa la katikati, kikundi.

Hesabu yake ni ya darasa la pili. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Jumlisha unachotaka kuruhusu. Namba ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ya kikundi, ya tatu ya kila mtu aliyebaki. Kwa hiyo 644 maana yake mwenyewe anasoma na kuandika, wengine wanasoma tu. Na 777? Kila mtu anafanya kila kitu. Mlango hauna komeo, pazia limefungwa juu, na sahani ya chakula iko mezani.

Seva nyingi zinazobeba tovuti leo zinatumia mifumo ya ukoo huohuo wa Unix. Kwa hiyo kijana wa Sinza au Kilimani anayefungua blogu yake ya burudani anakutana na sheria za wapangaji wa 1971, hata kama hajawahi kusikia jina la Bell Labs.

KOMENTI MOJA TU

Ruka mpaka Januari 2003. Dogo wa miaka 19 kutoka Houston, Texas, analalamika kwenye blogu yake. Programu anayoitumia kublogu inaitwa b2, na aliyeitengeneza kapotea hewani, haonekani wala hajibu. Dogo anasema anatamani kuichukua aiendeleze. Chini yake mshkaji mmoja wa Uingereza akaacha komenti, kwamba kama uko siriasi, mimi nipo.

Tarehe 27 Mei 2003 toleo la kwanza la WordPress likatoka. Kwa hiyo wanaodharau watu wa kwenye komenti, jipangeni.

WordPress ilipendwa kwa sababu ilikuwa bure na ilikubali kukaa kwenye hosti ya bei poa. Walijisifia kwamba kuisimika ni dakika tano. Na kweli, dakika tano. Shida ilianza dakika ya sita, ukitaka kupandisha picha.

Iko hivi. Mafaili ya blogu uliyapandisha kwa FTP kwa jina lako, kwa hiyo mwenyewe ni wewe. Lakini programu ya seva inayoonyesha tovuti kwa wasomaji ilikuwa inaishi kwa jina lake lingine, mara nyingi "nobody", "apache" au "www-data". WordPress ikitaka kuhifadhi picha, inafanya hivyo kwa jina hilo lingine. Mfumo unaangalia, unaona huyu siye mwenye folda, unamkatalia. Wewe unaona tu maandishi mekundu kwamba folda haiandikiki.

Unaenda kuuliza. Jibu lililokuwa linazagaa kila kona, weka 777. Unaweka. Picha inapanda papo hapo. Unamshukuru aliyekushauri, unasahau.

Kumbe kwenye hosti ya bei poa hukai peke yako. Ni nyumba ya uswahilini, wapangaji kibao, uwani mmoja. Kwenye hosti nyingi za zamani tovuti zote zilihudumiwa na "nobody" yuleyule. Mpangaji mmoja akidukuliwa, mwizi anatembea kwa jina hilo, na kila folda yenye 777 inamkaribisha. Wewe hukukosea pasiwedi, hukubofya linki ya ajabu. Jirani tu ndiye aliyeingiliwa.

PICHA ISIYO PICHA

Agosti 2011, jamaa mwingine, huyu naye kapuni, anaona matangazo kwenye blogu yake. Na blogu yake haina matangazo. Akaanza kuchimba.

Akakuta chanzo ni kiprogramu kidogo cha kupunguza ukubwa wa picha, TimThumb, kilichokuja ndani ya themu aliyonunua. Kazi yake ilikuwa kwenda kuchukua picha kwenye tovuti zinazoaminika, kama Flickr na Blogger, na kuihifadhi kwenye folda ndani ya blogu yako. Ukaguzi wake ulikuwa wa kizembe. Kiliangalia tu kama jina "blogger.com" limo mahali fulani kwenye anwani. Mwizi akatengeneza anwani inayoanza na blogger.com na kuishia na jina la tovuti yake. Mlinzi getini akasoma maneno mawili ya mwanzo, akafungua.

Kilichoingia hakikuwa picha, kilikuwa kodi. Na kwa sababu folda ile iliruhusu kuandikwa na ilifikika kutoka nje, mwizi aliita tu faili lake kwenye brauza, likajiendesha. Hapa hata aliyekuwa na WordPress mpya hakupona, maana tundu lilikuwa ndani ya themu. Themu nyingi zilibeba kiprogramu hicho, na wenye blogu hawakujua hata kama wanacho.

KITUFE, HALAFU HATA KITUFE HAKUNA

Zamani kuapdeti WordPress kulikuwa adhabu. Unashusha zipu, unaifungua, unafuta mafaili ya zamani bila kugusa yale ya kwako, unapandisha mapya moja moja kwa FTP, unaomba bando lisikate katikati. Watu wakaona bora waache. Ndiyo maana 2009 kirusi kilikuta shamba.

WordPress wana kamchezo ka kuyapa matoleo yao makubwa majina ya wanamuziki wa jazi. Desemba 2008 lilitoka 2.7, likaitwa Coltrane, na ndani yake kulikuwa na kitufe cha kuapdeti programu nzima ukiwa kwenye dashibodi. Raha, sio? Ila tazama vizuri. Ili WordPress ijiapdeti, lazima iweze kuandika juu ya mafaili yake yenyewe. Na kama yenyewe inaweza, mwizi aliyepenya kupitia kwake naye anaweza.

Wakatafuta njia. WordPress kwanza inaunda kafaili ka majaribio, inaangalia mwenye kafaili hako ni nani. Akiwa ni yuleyule mwenye mafaili ya WordPress, inaendelea. Akiwa mwingine, inakuletea ile fomu inayoudhi ya kuomba jina na pasiwedi ya FTP. Wengi waliiona kero. Kumbe ilikuwa inakuuliza kistaarabu, wewe ndiye mwenye nyumba?

Upande wa pili, kampuni za hosti nazo zikaanza kuendesha tovuti ya kila mteja kwa jina la mteja mwenyewe. Kila mpangaji na ufunguo wake. Hapo 777 ikakosa kazi, 755 kwa folda na 644 kwa mafaili inatosha kabisa. Lakini mwizi akipenya kwenye tovuti yako sasa anatembea na ufunguo wako. Kwa hiyo kilichobaki ni mbio, nani atafika kwanza kwenye tundu, fundi au mwizi.

Tarehe 24 Oktoba 2013 likatoka toleo la 3.7, jina Basie. Kuanzia hapo masasisho madogo ya usalama yalikuwa yanajisimika yenyewe, usiku, bila wewe kubofya chochote. Siku tano baadaye 3.7.1 ikaingia kwenye blogu za watu kimyakimya. Unaamka unakuta barua pepe: tovuti yako imeshaapdetiwa.

Si wote walifurahi. Wengine walihoji, nani kakupa ruhusa ya kugusa tovuti yangu nimelala? Wakazima. Na tusiwacheke, walikuwa na hoja. Mwaka 2007 kuna mtu aliingia kwenye seva ya WordPress yenyewe akabadilisha mafaili mawili ndani ya toleo la 2.1.1, na watu wakalishusha wakidhani ni salama. Ikabidi watangaziwe watupe lile walete 2.1.2. Ukimruhusu fundi aingie usiku, inabidi umwamini fundi na karakana yake.

MTIHANI WA 2017

Toleo la 4.7 la Desemba 2016 lilitoka na tundu baya, mtu yeyote, bila pasiwedi, angeweza kubadilisha maandishi ya posti yako. Tarehe 26 Januari 2017 wakatoa 4.7.2 yenye tiba, lakini tundu hilo wakalinyamazia mpaka tarehe 1 Februari. Makusudi. Walitaka masasisho ya usiku yafike kwanza kwa watu.

Siri ilipotoka, wahuni wakamwagika. Ndani ya wiki mbili hivi kurasa zaidi ya milioni moja zilikuwa zimechafuliwa, vichwa vya habari vimebadilishwa, na wahuni wamejiandika majina kama watoto kwenye ukuta wa shule. Waliokuwa wameacha apdeti ijifanye wengi walilala usingizi wao, hawakujua hata kama kulikuwa na vita. Walioliwa ni waliobaki na tundu: aliyezima, na ambaye apdeti ilishindwa kuandika kwenye mafaili yake.

Ila usilale jumla. Februari 2018 toleo la 4.9.3 lilitoka na kosa ndani ya kifaa chenyewe cha kujiapdeti, kikakwama. Kesho yake ikaja 4.9.4, na kwa tovuti nyingi ilibidi binadamu aingie abofye. Mashine nayo inahitaji mtu wa kuichungulia.

Mwaka 2020 Agosti, plagini na themu nazo zikaruhusiwa kujiapdeti ukiwasha mwenyewe. Desemba mwaka huohuo, kwenye toleo walilolipa jina la Nina Simone, tovuti mpya zikaanza kupokea hata matoleo makubwa zenyewe.

KWA NINI NIMEKUSUMBUA NA HAYA

Kwa sababu shoo ya kwanza ya msanii unayempenda, ile picha kabla hajawa na gari, haiko kwenye makumbusho yoyote. Iko kwenye blogu ya mtu. Mahojiano ya wasanii waliokwisha kufariki, iko kwenye blogu ya mtu. Kwa Tanzania kuanzia 2018 mabloga walitakiwa hadi leseni ya kulipia. Ulipe leseni, ulipe hosti, uchome bando miaka kumi, halafu kumbukumbu zote zipotee kwa sababu ya namba tatu ulizoweka jioni moja ukiwa na haraka ya kupandisha picha?

Ukimaliza kusoma, ingia kwenye hosti yako. Folda 755. Mafaili 644. Faili la wp-config.php, lenye pasiwedi ya hifadhidata yako, libane zaidi, 600 au 640 kulingana na hosti. Folda ya picha usiruhusu iendeshe kodi. Apdeti acha ijifanye, ila chungulia kila wiki. Themu na plagini usizotumia, futa kabisa. Na bekapu weka nje ya seva hiyo, maana yule jamaa wa 2009 alikuwa na jina, alikuwa na wasomaji, akakosa hiyo tu.

Haya, zamu yenu. Nani alishawahi kufungua blogu yake akakuta inatangaza dawa za nguvu za kiume? Tupia komenti hapo chini, na kama unaona aibu tutakuweka kapuni.