Sanduku la Pandora eti liko Kilimanjaro!

Najua nimepotea siku nyingi. UE zinanukia, boom limekata, na mtu mzima anaishi kwa chai ya rangi na chapati moja. Lakini leo lazima niandike, maana tangu Jumamosi hapa hosteli kuna ubishi ambao haujaisha na mimi ndiye niliyeuchokoza.

Jumamosi hakuna aliyekuwa na nauli ya kwenda mjini, kwa hiyo tulijazana chumba cha jirani tukaangalia muvi ya zamani kidogo, Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, ya mwaka 2003. Angelina Jolie huyo. Kwa ambao hawajaiona, stori ni hivi: tetemeko linafumua hekalu lililozama baharini karibu na kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Ndani ya hekalu kuna tufe la dhahabu ambalo kumbe ni ramani. Ramani inaelekeza lilipo sanduku la Pandora, lenye tauni ya kuua dunia nzima, na kuna mwanasayansi mbaya anayelitaka ili auze silaha. Sasa sanduku lenyewe liko wapi? Jirani na Mlima Kilimanjaro! Chumba kizima kililipuka kwa makofi. Mwenzangu wa chumba, Mchagga wa Marangu, alisimama akainama kama ndiye aliyepewa Oscar.

Mimi nikasema, subirini kwanza. Nasoma historia, kwa hiyo nina kaugonjwa ka kuuliza nani kasema na kasema lini. Ndipo ubishi ukaanza.

Tuanze na Pandora mwenyewe. Stori yake ya zamani kabisa tuliyonayo kwa maandishi ni ya mshairi Hesiod, miaka kama 700 kabla ya Kristo. Prometheus aliiba moto kwa miungu akawapa binadamu. Zeus akakasirika, akaamuru mwanamke afinyangwe kwa udongo, akapewa uzuri na maneno matamu, akapelekwa kwa ndugu yake Prometheus. Mwanamke akafunua chombo, na maradhi na taabu zote zikatoka zikasambaa. Kilichobaki ndani ni tumaini tu. Sasa angalieni: kwa Hesiod hakuna sanduku. Kuna mtungi, ule mkubwa wa kuwekea nafaka, mafuta au divai. Sanduku lililetwa na Erasmus wa Rotterdam kwenye karne ya 16, alipoieleza stori hiyo kwa Kilatini akatumia neno la kikasha badala ya neno la mtungi. Ulaya nzima ikamfuata. Yaani Hollywood wametumia mamilioni ya dola kutafuta sanduku ambalo Wagiriki wenyewe hawakuwa nalo.

Hilo mimi halinisumbui sana, kusema kweli. Hadithi hubadilika. Hata Hesiod na Homer hawakubaliani kwenye mambo mengi, na Wagiriki walioandika tamthilia waligeuza walivyotaka. Kwa hiyo mtu akiniambia muvi fulani imeharibu hadithi kwa sababu imebadilisha kitu, namwambia apumzike. Kwenye Clash of the Titans, ile ya 1981 na ile ya 2010, wamemweka Kraken, dubwana la bahari za Skandinavia kabisa, wala si Mgiriki. Watu walikula bisi wakafurahi. Poa.

Kinachonisumbua ni nani anayeachwa wakati wa kubadilisha.

Chukueni Clash of the Titans hiyohiyo. Andromeda, binti anayefungwa kwenye mwamba ili aliwe na dubwana, kwa Wagiriki alikuwa binti wa Kepheus na Kassiopeia, mfalme na malkia wa Aithiopia. Aithiopia yao si lazima iwe Ethiopia hii yenye Addis Ababa, lakini ni nchi ya kusini, ya watu walioonekana wameunguzwa na jua. Kwenye muvi ya 1981 ufalme huo ukawa Joppa, ya 2010 ukawa Argos, na mara zote mbili aliyecheza Andromeda ni mwanamke mzungu. Halafu Troy ya 2004, ya Brad Pitt. Katika hadithi za kale, Hector akishakufa anakuja mfalme Memnon wa Aithiopia na jeshi lake kuwasaidia watu wa Troya, mpaka anauawa na Achilles. Kwenye muvi hayumo. Miungu nayo waliiondoa karibu yote, kwa hiyo labda mtasema Memnon alipitiwa na fagio la jumla. Sawa. Ila fagio hilo mbona linapita palepale kila siku?

Halafu Hollywood haohao wakimhitaji Pandora, wanampandisha ndege wanamleta Kilimanjaro! Kwenye hadithi za Kigiriki zilizokuwa na Mwafrika wanamtoa, na kwenye ile isiyokuwa na Afrika kabisa wanaiweka Afrika, lakini kama mahali pa kufichia balaa. Kuna kabila lisilo na mji wala shule, kuna kreta yenye vivuli vinavyokula watu, basi. Rafiki yake Lara wa huku kachezwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Na sehemu ya picha hizo za Afrika zilipigwa Hell's Gate, Naivasha, Kenya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kilimanjaro. Mwenzangu wa chumba kusikia hivyo alinyamaza kidogo, maana hilo la Kenya na Kilimanjaro si mnalijua lilivyo na uchungu.

Lakini akaniuliza swali zuri. Akasema: sawa, hata kama wamekosea, sisi tuna hadithi gani ya kuweka pale? Mimi na yeye tukaanza kuhesabu.

Yake ilikuwa ya Kibo na Mawenzi, ambayo kila Mchagga kalishwa na uji. Mawenzi moto wake ulikuwa unazimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa. Akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka akachukua mchi akamtwanga. Ndiyo maana Mawenzi leo kachongoka namna ile. Hebu ifikirieni pamoja na Prometheus. Kwa Wagiriki moto unaibwa na adhabu inatoka mbinguni. Uchaggani moto unaombwa kwa jirani, na balaa linatoka kwa jirani aliyechoshwa. Mtu aliyeishi hosteli na kuombwa chumvi kila jioni anamwelewa Kibo vizuri sana.

Yangu niliitoa maktaba, kwenye kitabu cha Hollis cha 1905 kuhusu Wamasai. Leeyo aliagizwa na Naiterukop kwamba mtoto akifa, wakati wa kuutoa mwili aseme mtu afe na arudi, mwezi ufe na usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake. Leeyo akageuza maneno: mwezi ndio ukarudishwa, mtu akaachwa huko. Baadaye akafa mtoto wake mwenyewe, akajaribu kusema sawasawa, akaambiwa umechelewa, neno la kwanza limeshashika. Mimi niliposoma hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Pandora anafunua mtungi na hatuambiwi alimtakia nani mabaya. Leeyo tunajua kabisa kilichompata: aliona msiba si wake, akafanya uvivu wa huruma. Hiyo ndiyo inatakiwa kuwa kwenye skrini kubwa, na huhitaji vivuli vya kompyuta.

Mshikaji mmoja wa sosholojia akadakia kwamba mimi nina wivu tu, Wagiriki na sisi tumekutana wapi? Ndugu yangu, tumekutana sana! Kile kitabu cha safari za Bahari ya Eritrea, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kiliandikwa kwa Kigiriki na mtu aliyekuwa anazungumzia biashara za pwani yetu: Azania, soko la Rhapta, pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa, mitumbwi ya mbao zilizoshonwa. Hakuna dubwana hata moja, ni bei na bidhaa. Na hapa Arusha Wagiriki wamekuwepo kwa miili yao. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia mashamba ya Wajerumani yalitaifishwa yakauzwa, na walionunua kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro walikuwemo Wagiriki wengi, wakalima kahawa na mkonge. Kanisa la Orthodoksi mjini ni ushahidi. Hayo mashamba ya walowezi, tangu enzi za Mjerumani, yaliwazunguka Wameru na Waarusha kama mkanda, mlimani msitu wa serikali, chini shamba la mzungu, katikati watu wanaongezeka.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kabla ya Lara Croft, kampuni hiyohiyo ya Paramount ilikuja hapahapa kwetu kupiga muvi kubwa, na jina lake ni la Kiswahili: Hatari! ya Howard Hawks, na John Wayne. Walipiga picha mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, muvi ikatoka 1962, yaani kamera zilifika tukiwa koloni na tiketi zikauzwa tukiwa huru. Makazi ya wahusika yako Momella, chini ya Meru. Stori ni ya watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya zoo, na waigizaji walikuwa wanawakimbiza vifaru kweli, si mchezo. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alipapenda akanunua shamba kulekule, na Hatari Lodge ya leo iko pale alipoishi. Ni muvi tamu, siwezi kudanganya. Nyika, vumbi, tembo watoto, muziki wa Mancini.

Sasa Momella imepakana na Ngare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951, miaka tisa tu kabla ya kamera za Hawks, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki ili kati ya Meru na Kilimanjaro pawe na eneo moja la ufugaji la wazungu. Nyumba zilichomwa. Watu walipelekwa Kingori, kwenye joto na malaria. Wameru wakachangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa na mwanasheria Earle Seaton wa Bermuda. Kwenye Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Akarudi nyumbani bila ardhi, lakini akiwa na habari ya kuzungusha nchi nzima.

Mtu kutoka miteremko ya Meru kavuka bahari kwenda kuwadai wakubwa wa dunia ardhi ya kwao, kashindwa kwa kura, karudi. Mimi hiyo naiweka karibu na safari ya Odiseo bila aibu. Na nyika ile inayoonekana tupu na nzuri kwenye Hatari!, sehemu ya jirani yake ilikuwa na moshi wa nyumba za watu si miaka mingi kabla.

Mwenzangu wa chumba anasema tusiwalaumu wazungu, tuandike wenyewe. Hapo nakubali, na wala hatuanzi sifuri. Samuel Mushi alishamleta Mfalme Edipode kwa Kiswahili mwaka 1971, na Edipode akazungumza vizuri tu. Lufufu naye alisimulia muvi za watu wa mbali kwenye vibanda vya video mpaka zikawa zetu, akiongeza, akikatiza, akieleza. Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ikapelekwa kuwania Oscar mwaka 2001, ya kwanza kutoka Tanzania. Tatizo ni hela, na hela ya kompyuta za kutengeneza madubwana hatuna. Ila kumtengeneza Leeyo unahitaji mzazi mmoja, mwezi, na mtoto.

UE zikiisha nataka kwenda Ngare Nanyuki kutafuta wazee waliokuwa watoto mwaka ule wa 1951, maana wamebaki wachache na kila mwaka wanapungua. Nina daftari na simu ya kurekodia. Anayejua Kimeru vizuri kuliko mimi na anayeweza kuchangia nauli ya kwenda na kurudi, anitafute kabla ya Ijumaa.