Buluu ya Bibi

Nywele nyeusi zikipigwa blichi hazigeuki nyeupe papo hapo. Weusi hutoka kwanza. Wekundu na unjano hung'ang'ania. Ndiyo ile rangi ya shaba inayowakera mabinti wa Moshi mbele ya kioo. Shampuu ya zambarau hufifisha unjano, ya bluu hufifisha uchungwa. Haziondoi kitu, rangi moja huizima nyingine machoni.

Ujuzi huu si mgeni Kilimanjaro. Shule na kanisa vilipoleta shati jeupe, bibi zetu walijifunza kulisuuza kwenye maji yenye buluu ili unjano usionekane. Huo uliitwa usafi.

Kichwa cha binti hakikupewa heshima hiyo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, wigi, sketi fupi na krimu za kujichubua ni marufuku, eti vinaharibu utamaduni wa taifa. Shati jeupe, lililokuja kwa meli zilezile, halikuguswa.

Leo binti mwenye nywele za dhahabu bado huulizwa anamwiga nani. Bibi, kwenye beseni lake, hakuulizwa.