Windo la Nyoka Aliyefungwa

Mwezi wa Mei mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kumwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, jibu alilopewa lilikuwa neno moja tu, baridi; na neno hilo, lililowatosha watu wa zama zile kwa kuwa barafu ya mlima haikuwa na kazi yoyote katika maisha yao, ndilo ninaloliazima kuanzia habari ya jambo ambalo wengi watalidhani dogo, nalo ni chakula cha nyoka afugwaye na binadamu: je, apewe windo lililo hai, lihangaike kizimbani mpaka likamatwe, ama apewe lililokwisha kufa, likahifadhiwa katika baridi na kuyeyushwa saa ya kulishwa?

Zamani katika vihamba vya Wachagga nyoka hakuhitaji mlishaji. Nyumba iliyowaweka ng'ombe na mbuzi chini ya paa moja na wenyewe, na kuhifadhi nafaka darini juu ya moshi wa jiko, iliwaita panya bila ya kukusudia, na panya wakamwita nyoka. Na yule mdogo wa rangi ya kahawia asiye na sumu, atambaaye usiku kandokando ya ukuta, alikula alichokikamata kwa juhudi yake, ilhali windo nalo lilikuwa na tundu la kukimbilia. Hapo hapakuwa na dhuluma wala dhalimu. Swali la rehema halikuzuka mpaka mtu alipojenga ukuta pande zote nne, akamtia nyoka ndani, kisha akamtia na panya.

Wataalamu wa zamani waliokuja kuchunguza viumbe wa mlima huu hawakulazimika kulijibu swali hilo. Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884 katika himaya ya Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, na baada yake Yngve Sjöstedt wa Sweden, aliyeweka makao Kibong'oto katika miaka ya 1905 na 1906, mahali panapojulikana leo kwa hospitali ya kifua kikuu, walikusanya viumbe kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Na nyoka aliyemo ndani ya chupa ya spiriti hahitaji mlo. Huko Uingereza, ambako bustani ya wanyama ya London ilifungua mwaka 1849 nyumba ya kwanza duniani iliyotengwa kwa nyoka na jamaa zao, sungura na simbilisi walitolewa wazima mbele ya nyoka, na Charles Dickens alikuwa miongoni mwa walioliona jambo hilo wakasononeka. Kwetu Tanzania alikuwako C. J. P. Ionides, Bwana Nyama wa Liwale, aliyefariki mwaka 1968 baada ya kukamata maelfu ya nyoka kusini mwa nchi na kuwapeleka wengi wao wakiwa hai katika bustani na maabara za ng'ambo. Nairobi ilipata bustani yake ya nyoka mwaka 1961, na mwaka 1993 ikafunguliwa ile ya Meserani, magharibi ya Arusha katika njia iendayo Ngorongoro, ambayo fauka ya kuwaonyesha watu nyoka imewatibu bure wengi walioumwa nao.

Mlishaji asiye na jokofu ana njia mbili tu: kulitoa windo likiwa hai, au kuliua saa ile ile na kulitoa lingali na joto. Njia ya tatu ilingoja umeme, na hapa habari yetu yarudi mlimani, maana maji yashukayo kutoka Kilimanjaro na Meru kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu yalizuiwa katika miaka ya 1960 katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazalisha umeme wa megawati 8, na umeme ukaiingiza barafu nyumbani mwa watu. Panya aliyegandishwa huyeyushwa polepole mpaka baridi imtoke hata tumboni. Hupashwa kwa maji ya moto yasiyochemka. Kisha hushikwa kwa koleo ndefu na kutikiswa mbele ya nyoka, naye chatu, ambaye midomo yake ina vishimo vihisivyo joto, humdhania yu hai, akampiga na kumbana kama desturi yake. Umeme ukikatika muda mrefu, windo lililoyeyuka halirudishwi kuganda, hutupwa. Taabu hiyo ni ya kweli, na anayeishi kwetu aijua. Walakini chatu mkubwa akishiba aweza kukaa wiki nyingi bila ya kula, basi haja yenyewe si ya kila siku.

Watetezi wa windo hai husema kwamba nyoka hukataa kilichokufa, na aghalabu wanasema kweli, ila hawaitaji sababu. Nyoka aliyezaliwa kizimbani hujifunza upesi kula windo lililoyeyushwa. Anayegoma ni yule aliyetolewa porini akiwa amekwisha kukomaa, asiyejua kula ila kiendacho. Na nchi yetu kwa miaka mingi iliuza nje vinyonga, kobe na nyoka wa porini, biashara ambayo haikutazamwa kwa makini na umma mpaka Novemba 2010, twiga wanne na wanyama wengine wengi waliporushwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar, na kesi yake ikasikilizwa hapa hapa Moshi. Hata mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kuwasafirisha nje wanyamapori walio hai. Kwa hiyo ukaidi wa nyoka mbele ya windo mfu ni alama ya jinsi alivyopatikana, wala haifai kuutumia kuwa udhuru wa kumtesa panya.

Fauka ya hayo, windo hai lina meno. Panya aliyebanwa pembeni huuma, na nyoka asiye na njaa, aliyeachwa naye usiku kucha, hupatikana asubuhi ana majeraha mgongoni. Na panya mwenyewe si kitu cha kudharauliwa: huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu, na watu wengi wana uhai au viungo vyao kwa sababu ya pua hiyo. Sisi tulioelekezwa katika adabu ya kuchinja kwamba kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama, hatuwezi kuona sawa kiumbe atiwe katika sanduku la kioo amtazame mwuaji wake kwa saa nzima. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo imekwisha kutungwa.

Ninawaomba wenye bustani za nyoka, na walimu wa Chuo cha Mweka, ambacho tangu mwaka 1963 kimekuwa kikiwafunza walinzi wa wanyamapori wa Afrika juu ya mteremko wa mlima huu, walifanye jambo hili kuwa sharti: atakaye kibali cha kumfunga nyoka aonyeshe kwanza jokofu lake.