LISHE: Vitafunio vya nyumbani vyenye manufaa kwa familia za Kitale na Bungoma

Msafiri anayetoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye hakosi cha kutafuna njiani. Kuna mahindi ya kuchoma, njugu karanga, ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha. Hata hivyo, vyakula hivi sasa vinashindana na soda, biskuti, krispi na vibanzi vilivyokaangwa kwa mafuta mengi.

Ushindani huo una uzito kuliko unavyoonekana. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza ulibaini kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake, kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5.

Wakati huo huo, Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe bora. Kwa hivyo, nyumba moja yaweza kuwa na mama aliyenenepa kupita kiasi na mtoto asiyekua ipasavyo.

Kitafunio ni chakula kidogo kinacholiwa kati ya mlo mmoja na mwingine. Kwa mtoto mchanga si anasa. Tumbo lake ni dogo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuwa mtoto wa kati ya miezi sita na 23 aongezewe kitafunio chenye virutubishi mara moja au mbili kwa siku, inapohitajika, mbali na milo ya kawaida.

Viazi vitamu

Bungoma ina historia ya pekee kuhusu zao hili. Katika mradi ulioitwa Mama SASHA, Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP) na washirika wake waliwapa akina mama wajawazito wa Bungoma na Busia vocha walipohudhuria kliniki. Kwa vocha hizo, walipata miche ya viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa.

Rangi hiyo hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Anayekosa vitamini hiyo hupata shida ya kuona gizani na hudhoofika katika kupambana na maradhi. Viazi vyeupe vina kiasi kidogo mno cha beta-karotini. Mwaka wa 2016, watafiti Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi yao kuhusu viazi hivi.

Viazi huoshwa, hutiwa katika sufuria pamoja na maganda yake na maji kidogo, kisha hufunikwa na kupikwa hadi vilainike. Ni vyema kuvila pamoja na kipande cha parachichi au njugu chache, kwa kuwa mwili hufyonza vitamini A vizuri zaidi panapokuwa na mafuta kidogo.

Njugu karanga na hatari ya ukungu

Njugu zina protini na mafuta yenye manufaa. Hukaangwa bila mafuta katika kikaango kizito, juu ya moto mdogo, huku zikikorogwa mfululizo hadi ngozi ianze kutoka. Zikishapoa huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kabla ya kukaanga, ni lazima zichambuliwe. Punje zilizokunyata, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hutupwa. Ukungu fulani huzalisha sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hudhuru ini na yaweza kusababisha saratani. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo.

Kenya iliijua vyema hatari hiyo mwaka wa 2004, watu 125 walipofariki kati ya 317 walioathiriwa na mahindi yenye aflatoksini, hasa Makueni na Kitui. Wakulima wa Trans Nzoia, ambao mavuno yao nyakati nyingine hunyeshewa na mvua, wanashauriwa kukausha nafaka kikamilifu na kutoianika juu ya udongo mtupu.

Isitoshe, mtoto mdogo asipewe njugu nzima kwani zaweza kumsakama kooni. Afadhali zisagwe na kuchanganywa katika uji.

Mahindi, maharagwe na wimbi

Kitale ndiko ilikotoka aina ya kwanza ya mahindi chotara ya Kenya, H611, mwaka wa 1964. Mahindi mabichi ya kuchemsha au kuchoma huhifadhi makapi, ambayo husaidia usagaji wa chakula na kumfanya mtu ashibe kwa muda. Bisi zikipikwa nyumbani kwa mafuta kidogo na chumvi ya kudonoa ni bora kuliko krispi za pakiti.

Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ambao Waluhya wengi huuita mahenjera, una faida zaidi kwa sababu protini za nafaka na za kunde hukamilishana. Uji wa wimbi nao una madini ya kalisi kwa wingi kuliko uji wa mahindi, na waweza kutiwa maziwa lala badala ya sukari.

Msimu wa kumbikumbi, wanaoitwa chiswa kwa Kibukusu, huleta kitafunio kingine chenye protini, mafuta na chuma. Mbawa huondolewa, kisha wadudu hukaangwa bila kuongezwa mafuta. Wenye mzio wa kamba au kaa wawe waangalifu.

Namna ya kula

Chakula kizuri pia chaweza kudhuru kikiliwa ovyo. Jambo la kwanza ni kujiuliza iwapo ni njaa, kiu au uchovu. Mara nyingi gilasi ya maji hutosha.

Pili, kitafunio kipakuliwe katika bakuli dogo, na kiliwe polepole mtu akiwa ameketi. Anayekula huku akitazama runinga au simu hutambua kuchelewa kwamba ameshiba. Konzi moja ya njugu yatosha.

Tatu, soda isichukuliwe kuwa maji. Chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, ilhali WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima.

Nne, kuwe na saa maalumu, kwa mfano saa nne asubuhi na saa kumi jioni, ili mtoto afike mezani akiwa na hamu ya mlo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayefungiwa kiazi na ndizi katika mkoba wa shule leo atavitafuta mwenyewe sokoni Chwele au Kitale atakapokuwa na pesa zake.