Kishindo cha Kutua

Katika skuli za urubani za Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanafunzi aliketishwa peke yake katika ndege iliyofupishwa mabawa makusudi isiweze kuruka, akakimbia nayo uwanjani hata miguu na mikono yake ikazoea, kisha akakabidhiwa ndege nzima, mwalimu akibaki chini kutazama. Ni Robert Smith-Barry, huko Gosport nchini Uingereza, mwaka 1917, aliyeufanya ualimu wa angani kuwa elimu yenye taratibu: mwalimu na mwanafunzi ndani ya Avro 504 moja, kila mmoja na usukani wake, wakisemezana kwa mpira wa kupitishia sauti, na makosa yaliyoogopwa yakifanywa kusudi ili ijulikane dawa yake.

Walakini kutua kulibaki kugumu. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931 na kuwafunza maelfu ya marubani wa Vita vya Pili, ilikuwa na magurudumu mawili mbele na chuma cha kuburura mkiani, wala haikuwa na breki. Ilipasa kuizuia juu kidogo ya majani mpaka mabawa yashindwe kuibeba, magurudumu na mkia vishuke pamoja. Aliyegusa ardhi mapema, mwendo ungali mkubwa, mkia ulimshukia na pua ikainuka, mabawa yakapata nguvu upya, ndege ikadunda kama mpira, ikaishiwa mwendo ingali juu, na kishindo cha pili kikashinda cha kwanza.

Cessna 172 ya mwaka 1956 ikaja na gurudumu chini ya pua, na aibu ile ya kudunda ikapungua, ingawa sidhani kosa lenyewe liliondoka, lilihama tu. Mwanafunzi mwenye haraka huisukuma pua chini, na gurudumu lile dogo hubeba pigo lisiloliweza. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, palipo kama futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa mwendo uleule unaosomwa kwenye saa ardhi hupita kasi zaidi kuliko pwani, hata mgeni akadhani amezidisha, akapunguza, akadondoka.

Baada ya kishindo cha namna hiyo kazi ni ya fundi, anayefungua kifuniko cha injini na kupitisha kidole juu ya ribiti za ukuta ulio nyuma ya injini, akitafuta bati lililojikunja. Na rafadha ikiwa imegusa lami, injini hufunguliwa yote, japo bado inanguruma vizuri.