Namba yenye ilikuwa ndani ya picha

Wandugu, mwaka jana nkambo wangu alianguka, akavunjika nyonga. Kabla ya hapo alikuwa amepigwa skaneri ya tumbo. Walituambia: tumbo ni muzuri. Basi.

Nikafuata historia. Mu 1956, Cape Town, Allan Cormack alianza kuhesabu namna mionzi ya X inapunguka ikipita ndani ya mwili. Mu 1971, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ikapiga mgonjwa wa kwanza. Kwa kipimo chake maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa unapanda juu. Mu 2013, Perry Pickhardt na wenzake kule Marekani wakasoma skaneri zenye zilipigwa kwa sababu zingine, wakapima pingili ya kwanza ya kiuno: chini ya 110, mashaka ya mifupa dhaifu ni makubwa. Bila mionzi mipya.

Namba ya nkambo ilikuwa pale. Hakuna mutu aliisoma. Wenye munasoma udaktari, muisome.