Ubongo na Akili: Historia ya Maneno Mawili mbele ya Picha

Jamaa mmoja wa Nduruma, kule tambarare chini ya Mlima Meru, walipata kuniomba niwasomee karatasi waliyopewa hospitalini. Kijana wao alikuwa ameacha shamba la vitunguu, akawa anasemezana na watu wasioonekana, na chakula cha nyumbani anakikataa akidai kimetiwa sumu. Ukoo ulichanga, ng'ombe akauzwa, na kijana akapelekwa kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ile ambayo wananchi huiita si-ti-skani. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mtu wa kwanza kuwasomea aliwafasiria sentensi moja tu: "Ubongo wake ni mzima." Baba mtu akakata shauri kwamba kijana anajifanya, mama mtu akaamini amerogwa. Dawa alizoandikiwa na daktari zikafungiwa kabatini.

Tafsiri ile kisarufi haina kasoro. Lakini mtu akisema kwa Kiswahili, "Yule si mzima," hakuna anayefikiri habari ya mguu au figo. Wote huelewa kwamba anatajwa mwendawazimu. Kwa hiyo ubongo ulio mzima, kwa sikio la Nduruma, ni akili iliyo timamu. Daktari alikuwa ameandika juu ya kiungo. Familia ikasikia hukumu juu ya mtu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maneno hayo mawili, ubongo na akili, yalivyokutana na picha, na kwa nini mfasiri hana budi kuyatenganisha.

Akili tumeipata kwa Waarabu. Ubongo ni neno la Kibantu. Zamani kila moja lilikuwa na kazi yake: ubongo ulikuwa kitu cha kichwani kinachoweza kuonekana na kushikwa, na akili ilikuwa uwezo wa mtu kufikiri na kuishi na wenzake. Tena lilikuwapo neno wazimu, lenye ukoo na mzimu, ambalo liliutafuta ugonjwa nje ya mwili kabisa. Mipaka hiyo haikudumu. Vijana wa mjini walipoanza kumsifu mwenzao kuwa ana bongo, kiungo kilikwisha kuchukua kazi ya uwezo. Na jiji la Dar es Salaam likapata jina la Bongo kwa sababu asiyejua kutumia yake hali chakula. Mzaha huo haudhuru mtu sokoni. Hospitalini unaweza kudhuru.

Yafaa tukumbuke kwamba Afrika Mashariki ilikwisha kuumizwa na mchanganyiko huohuo kabla ya mashine hizi kuwapo. Mwaka 1934, F. W. Vint, tabibu wa maabara ya serikali ya kikoloni Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima ubongo wa maiti za Waafrika wa Kenya, akadai kuwa gamba lake ni jembamba kuliko la Wazungu. Katika miaka hiyohiyo H. L. Gordon, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizitumia hoja za namna hiyo kutilia shaka faida ya kumsomesha Mwafrika. J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Mathari mwaka 1938 bila ya kuwa amesomea magonjwa ya akili, aliandika mwaka 1951 kwamba mwenendo wa Mwafrika unafanana na wa Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Mabwana hao walitazama kiungo, wakatoa hukumu juu ya akili za mataifa mazima. Madai yao yamekwisha kukataliwa, ila mtindo wa hoja yenyewe hauna kabila wala rangi: hata sisi tunaweza kuutumia, kwa nia njema kabisa, tunapoisoma karatasi ya si-ti-skani.

Sasa tuje kwenye picha. Eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895, huonyesha mfupa wa fuvu, lakini ubongo wenyewe hauonekani humo. Mwaka 1919 Walter Dandy wa Marekani alieleza njia ya kuingiza hewa kwa sindano ya mgongoni ili vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo vionekane. Ilikuwa njia ya maumivu makali. Kisha, tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha miale pande zote za kichwa, na kompyuta huunganisha vipimo hadi ikapatikana sura ya ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa.

Haikupita miaka mingi madaktari wa akili wakaijia mashine hiyo na swali lao. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake, Uingereza, waliwapima wagonjwa 17 wa skizofrenia waliokaa hospitalini muda mrefu, wakaona kwamba vyumba vile vya maji vilikuwa vikubwa kuliko vya watu wasio wagonjwa. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Ikafuata mashine ya MRI, itumiayo sumaku badala ya miale, na mwaka 2016 uchunguzi uliokusanya picha za wagonjwa zaidi ya 2,000 kutoka nchi mbalimbali ulithibitisha tofauti hiyo na nyingine ndogondogo.

Lakini hizo ni tofauti za wastani. Watu wa kijiji kimoja waweza kuwa, kwa wastani, warefu kuliko wa kijiji cha pili. Hata hivyo ukikutana na mtu mmoja njiani, urefu wake hautakuambia ametoka wapi. Wako wagonjwa wengi wa skizofrenia ambao picha zao hazitofautiani na za jirani zao, na wako watu timamu wenye vyumba vikubwa. Hadi leo hakuna picha inayomwezesha daktari kusema kuwa huyu ana skizofrenia na yule ana sonona. Ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo, kwa kumwangalia mgonjwa, na kwa kuwasikiliza wanaoishi naye.

Ipo kazi nyingine ambayo picha huifanya vizuri sana, nayo ni kufichua uvimbe, damu iliyovia, au mdudu. Mfano bora tunao karibu. Louise Jilek-Aall alipofungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, wagonjwa walikuwa wakitengwa kwa sababu watu waliamini kuwa povu la mdomoni huambukiza. Baadaye, huko Haydom katika Wilaya ya Mbulu, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha watu wenye kifafa. Baadhi yao walionekana kuwa na vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Hapo kisa kilihama kutoka kwa mizimu kikaenda kwenye choo na banda la nguruwe, na neno "ugonjwa wa ubongo" likastahili kabisa.

Kwa sababu ya mafanikio hayo, wako waandishi wanaotaka "ugonjwa wa akili" uitwe "ugonjwa wa ubongo" kote, ili kuondoa aibu. Nia yao naiheshimu, lakini sikubaliani nao. Ukimwambia mkulima kwamba mwanawe ana ugonjwa wa ubongo, ana haki ya kudai aonyeshwe, na picha isipoonyesha kitu, atasema amedanganywa. Ndiyo mantiki ya baba wa Nduruma, na mimi siioni kuwa ya kijinga. Naona afadhali "ugonjwa wa akili" ubaki, pamoja na mzigo wake wote. Na kwenye karatasi za picha, maneno "mzima", "safi" na "sawa" yaachwe. Mfasiri ataje kile ambacho hakikuonekana, kisha aongeze kwamba picha hiyo haikupima akili.

Niliwasomea jamaa wale upya kwa namna hiyo: hakikuonekana uvimbe, wala damu iliyovia, wala vifuko vya tegu, na ugonjwa daktari ameutambua kwa kuzungumza na kijana. Mama mtu aliniuliza, "Sasa, Mwalimu, ng'ombe tulimwuzia nini?" Nikamjibu kuwa ni kwa hayo matatu yasiyokuwamo. Alinyamaza kitambo, kisha akaenda kufungua kabati, akaniletea vile vichupa vya dawa nimsomee tarehe. Ilikuwa imebaki miezi minne.